World-e ya Super Mario Advance 4 imegoma: tafuta tatizo hapa

Ukiweka kaseti ya gemu la Super Mario Advance 4 kwenye Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, utapata Super Mario Bros. 3 nzima, dunia zake zote nane, na hutahisi umepunjwa. Lakini ndani ya kaseti hiyohiyo kuna dunia nyingine inaitwa World-e, nayo huja tupu. Mahali pake papo, hatua zake hazipo. Hatua zilichapwa kwenye kadi zilizouzwa kando, na kifaa cha kuzisomea kadi hizo, e-Reader, nacho kiliuzwa kando.

Jambo moja lieleweke mapema kwa sababu linapoteza watu wengi: hatua za kadi hazikufichwa ndani ya kaseti zikisubiri ufunguo. Data ya hatua iko kwenye kadi yenyewe, kwenye ule ukanda wa kijivu ulio ukingoni. Ukiutazama kwa karibu, ukanda huo ni maelfu ya nukta ndogo nyeusi. Kwa hiyo hakuna kubonyeza vitufe kwa siri, wala kumaliza gemu mara tatu, kutakakoleta hatua hizo. Lazima zisafiri: kutoka kwenye kadi, kupitia lenzi ya e-Reader, kuingia mashine ya kwanza, kupita kwenye kebo, kufika mashine ya pili, na mwisho kukaa kwenye chipu ya kumbukumbu ya kaseti. Ndiyo, mashine mbili. Yako na ya ndugu yako, kama alikuwa nayo.

Watu wengi hatua zikigoma huanza kusugua lenzi. Mimi huanzia upande wa pili, kwenye kaseti, nikirudi nyuma kuelekea kadi. Sababu ni rahisi: kaseti isiyofaa haiponyeki kwa kusugua chochote, na kuitambua huchukua dakika moja.

Gemu haionyeshi kabisa mahali pa kuunganisha e-Reader

Geuza kaseti usome lebo. Chini kuna namba inayoanza na AGB. Zinazokuhusu ni herufi nne zinazofuata: AX4E ni toleo la Marekani, AX4J la Japani, AX4P la Ulaya.

Kama umesoma AX4P, utafutaji umekwisha. e-Reader haikuuzwa Ulaya, na toleo la huko liliondolewa mambo yote ya kadi. Hakuna kebo wala kadi itakayolirudisha. Gemu si mbovu, ndivyo lilivyotengenezwa. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho kuhusu Wii U na Switch, mashine za Nintendo zilizokuja baadaye.

Kama ni AX4E au AX4J, endelea, ila hakikisha vitu vyote vitatu vimetoka soko moja: kaseti, e-Reader na kadi. Kadi za Japani hazisomeki kwenye e-Reader ya Marekani, na za Marekani hazisomeki kwenye ya Japani. Mtu akinunua vitu vilivyotumika, kimoja huku kingine kule, ni rahisi sana kujikuta na mchanganyiko. Maandishi ya kadi yenyewe yatakuambia ilikotoka.

Kwa wenye vifaa vya Japani kuna mtego mwingine. e-Reader ya kwanza kabisa ilitoka huko Desemba 2001 na haikuwa na tundu la kebo. Inasoma kadi vizuri tu, lakini haiwezi kupeleka kitu kwenye mashine nyingine. Kwa Super Mario Advance 4 unahitaji ile iliyofuata, Card e-Reader+, ya mwaka 2003. Ya Marekani, iliyotoka Septemba 2002, ilikuwa na tundu tangu mwanzo.

Mashine mbili hazionani

Hapa ndipo penye kazi. Kwa mahesabu yangu ya kichwani, wengi wanaodai "kadi zangu zimekufa" kadi zao ni nzima na kosa lao liko hapa.

Anza na kebo. Kuna kebo mbili zinazofanana kwa mbali: ya Game Boy Color na ya Game Boy Advance. Ya Game Boy Color inaingia kwenye Game Boy Advance bila kulalamika, ikakaa kama iko nyumbani, halafu haifanyi kitu, kwa sababu haikutengenezewa mawasiliano ya magemu ya Advance. Kinyume chake hakiwezekani: kebo ya Advance ina umbo linaloizuia kuingia kwenye Game Boy Color. Hicho ndicho kipimo chako kama una mashine ya zamani karibu. Kama huna, tazama katikati ya kebo. Ile halisi ya Advance ina kisanduku kidogo chenye tundu la kuongezea kebo nyingine kwa wachezaji watatu na wanne, na plagi zake hazilingani: moja ndogo ya zambarau, nyingine kubwa ya kijivu.

Usidharau tofauti hiyo ya plagi, kwani si mapambo. Upande wa zambarau ndio unaoiambia mashine kwamba yenyewe ni mchezaji wa kwanza. Ukiweka plagi kinyume na gemu inavyotaka, mashine zote mbili zitakaa zinasubiriana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimkaribisha mwenzake apite kwanza. Tazama picha ambayo gemu inakuonyesha kwenye skrini ufuate rangi zake. Bado kimya? Zima mashine zote mbili, badilisha pande za kebo, washa tena. Usichomoe kebo mashine zikiwa zimewaka halafu ukategemea jibu la kuaminika. Mawasiliano yakikatika katikati, upande mmoja huweza kuganda bila kusema, nawe ukadhani jaribio jipya limeshindwa wakati halijaanza hata.

Adapta isiyotumia waya ya Game Boy Advance haifai hapa. Ilikuja mwaka 2004, baada ya gemu hii, na hufanya kazi na magemu yaliyoandikwa kuitambua tu.

Sasa e-Reader yenyewe. Kwenye Game Boy Advance ya kwanza, ile ya kulala, tundu la kaseti na tundu la kebo yote yako ukingo wa juu. e-Reader ni nene, ikikaa inaziba tundu la kebo. Ndiyo maana ikapewa plagi yake inayoingia kwenye tundu la mashine, na tundu jipya mgongoni pa kuchomekea kebo. Matokeo yake ni kwamba e-Reader inaweza kukaa nusunusu: kaseti imeshika, inawaka, inasoma kadi, lakini plagi ya pembeni haijaingia hadi mwisho. Ukiitazama kwa upande utaona mwanya mwembamba kati ya e-Reader na mashine. Sukuma kwa vidole gumba viwili, pande zote kwa pamoja, mpaka mwanya ufungike. Nimewahi kuhangaika saa nzima na kitu hiki, nikasafisha kila kilichosafishika, kumbe ni upana wa kucha.

Kwenye Game Boy Advance SP mambo ni tofauti: kaseti inaingilia mbele, chini, na tundu la kebo liko nyuma karibu na bawaba. Hapo kebo inaingia kwenye SP yenyewe moja kwa moja. Anayechomeka kebo mgongoni mwa e-Reader iliyo kwenye SP anazungumza na ukuta.

Nintendo DS na DS Lite zinakubali kaseti za Advance ila hazina tundu la kebo. Zinaweza kuchezea hatua ambazo tayari zimehifadhiwa kwenye kaseti, haziwezi kupokea mpya. Game Boy Micro ina tundu, lakini dogo la umbo lake, na kebo ya kawaida haiingii. Game Boy Player ya GameCube ina tundu la kawaida, kwa hiyo inaweza kuwa mojawapo ya mashine zako mbili, na kioo chake ni televisheni nzima.

Kama kebo ni sahihi na kila kitu kimekaa, angalia e-Reader iko kwenye menyu gani. Ikiwaka inakupa machaguo, na mkono wa kila mtu unakimbilia Scan Card, maana kadi iko mkononi na jina linasema kuskani. Siyo hiyo. Ingia Communication, uiache ikisubiri, kisha upande wa pili wenye Super Mario Advance 4 ndio unaoanzisha mambo. Gemu ndiyo inayoiamuru e-Reader isome kadi. Ukiskani ukiwa Scan Card, kadi inaishia kwenye e-Reader, kaseti ya Mario haipati habari.

Mwisho, betri. Taa ya Game Boy Advance ni ya kijani betri zikiwa na nguvu na hugeuka nyekundu zinapokaribia kuisha. e-Reader inaongeza mzigo, kwa sababu inawasha taa yake ya kumulika kadi. Betri iliyokuwa inatosha kucheza inaweza isitoshe kuskani: gemu linaanza vizuri, unatelezesha kadi, mashine inazima au inajiwasha upya. Ukiona hivyo, weka betri mpya kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Kwa SP, chaji hadi mwisho kwanza.

Mashine zinaonana, kadi haisomeki

Hapa sasa ndipo lenzi inapoingia, na bado si ya kwanza kulaumiwa. Wa kwanza ni mkono wako.

Ukanda wa nukta hauchukui data nyingi. Mrefu una kilobaiti 2.2, mfupi 1.4. Ili ulinganishe: Excitebike, gemu la NES, mashine ya zamani ya Nintendo, ilipouzwa kwa ajili ya e-Reader ilihitaji kadi tano. Nukta ni ndogo sana, na e-Reader inazipiga picha kipande kwa kipande kadi inapopita. Ukisita katikati, ukainua kona, au ukaanza polepole ukamalizia kwa kuvuta, vipande haviungani. Shika kadi kwa ukingo wa juu kwa vidole vya mkono mmoja, chini yake ikae imegusa sakafu ya mfereji, halafu itelezeshe kwa mwendo mmoja mpaka itoke yote upande wa pili. Isikimbie, isitambae. Mkono mwingine ushike mashine juu ya meza. Nimeona watu wakishika mashine hewani na kuskani kama wanawasha kiberiti, kisha wakasema kadi mbovu.

Kadi nyingine zina ukanda zaidi ya mmoja. Skrini inakuambia kama bado kuna ukanda unaosubiriwa. Geuza kadi uskani wa pili. Asiyesoma skrini hudhani mara ya kwanza ilishindwa, hurudia ukanda uleule mara kumi, na kila mara e-Reader inamsubiri kwa uvumilivu wa mawe.

Kama mkono uko sawa na bado inakataa, jaribu kadi nyingine. Jaribio hili moja linagawa tatizo katikati. Kadi nyingine ikisomeka, lenzi ni nzima, tatizo ni kadi ile. Zikikataa zote, ni lenzi, au ni lile suala la soko tulilokwisha kulizungumza.

Kadi kwanza. Mikwaruzo midogo haisumbui, kwa sababu msimbo una marekebisho ya makosa ya aina ya Reed–Solomon, jamaa wa yale yanayoziokoa CD zilizochubuka. Kinachosumbua ni kadi iliyopinda, maana inasogea mbali na lenzi katikati ya safari, na mafuta ya vidole yanayofanya ukanda ung'ae. Ya mafuta futa kwa kitambaa laini kikavu. Iliyopinda ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha. Usitumie pasi. Nasema hivyo kwa sababu watu wanaitumia, na wino unapopata joto haurudi ulivyokuwa.

Nakala za kujichapia zina matatizo yake. Nukta zinataka printa ya leza yenye angalau nukta 600 kwa inchi, na picha ichapwe kwa ukubwa wake halisi. Ule mpangilio wa "itoshee ukurasa" unaipunguza kidogo tu, jicho halioni, e-Reader inaona. Printa ya wino wa majimaji hutandaza nukta kwenye karatasi zikaungana.

Lenzi sasa. Puliza vumbi kwanza, kwa pampu ndogo ya mkono na si kwa mdomo, kwani mdomo una mate. Halafu pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo spiriti safi ya dukani, si ile yenye rangi au manukato. Pitisha mara moja, subiri ikauke. Kama mfereji umejaa nyuzi za nguo, chukua kadi ya plastiki nyembamba, izungushie kitambaa cha miwani, uipitishe kama unavyoskani. Hii ya mwisho ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa sababu uchafu mwingi uko ukutani mwa mfereji ukisubiri kupanda kwenye kadi inayofuata.

Kadi imesomeka, lakini World-e haina kipya

Uliza kadi ni ya aina gani. Si kila kadi ni hatua. Kuna kadi za hatua, ndizo zinazoongeza kitu World-e. Kuna kadi za nguvu, zinazokupa vifaa vya Mario, kama lile joho la Super Mario World ambalo Super Mario Bros. 3 ya asili haikuwa nalo. Kuna kadi za maonyesho, ambazo gemu linajichezea lenyewe ukiangalia mbinu. Na kuna kadi za swichi, zinazobadilisha baadhi ya mambo ndani ya gemu. Ukiskani kadi ya maonyesho ukaenda kutafuta hatua mpya, hutaipata, na hakuna kilichoharibika.

Kama ni ya hatua, hesabu ulizonazo. Kaseti inahifadhi hatua 32, basi. Hatua zote zilizotoka ni 38. Mwenye kadi zote hawezi kuwa nazo zote kwa wakati mmoja kwenye kaseti halisi, lazima afute sita. Ukifika 32 futa usiyoipenda kwanza. Kadi unayo, utairudisha siku nyingine.

Hatua zilikuwepo, zimepotea

Hii ndiyo dalili inayouma, na jibu la haraka ambalo kila mtu hutoa, "betri ya kaseti imekufa", kwa gemu hii ni kosa. Super Mario Advance 4 halisi haina betri ndani. Kumbukumbu yake ni ya flash, kilobaiti 128, inayoshika data bila umeme. Kaseti ambazo betri hufa zipo, lakini hii si mojawapo.

Kwa hiyo kama betri imekufa kweli, una kaseti bandia.

Yangu ilikuwa bandia. Niliinunua mtandaoni, lebo ikimeremeta kuliko kitu cha miaka ishirini kinavyotakiwa kumeremeta. Jioni ile niliingiza hatua tatu, nikazicheza, nikahifadhi, nikazima. Asubuhi dunia za kawaida zilikuwepo nilipoziacha, nilikuwa Dunia ya 2 jangwani, lakini World-e ilikuwa nyeupe. Nikarudia. Ikarudia. Siku ya tatu nikaifungua kwa bisibisi ya pembe tatu, ile ya umbo la Y. Ndani kulikuwa na betri bapa ya saa imechomelewa upande mmoja, na kwenye bodi hakukuwa na neno Nintendo popote.

Kinachotokea ni hiki. Watengenezaji wa bandia mara nyingi huibadilisha programu ya gemu ihifadhi kwenye kumbukumbu ndogo ya SRAM yenye betri, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Safari ya kawaida ya Mario inahitaji nafasi kidogo, inatosha. Hatua 32 zinahitaji nafasi kubwa, hazina pa kukaa. Ndiyo maana dalili huchanganya: gemu linahifadhi, lakini halihifadhi kile ulichotafutia kebo na mashine ya pili.

Huhitaji kufungua ili kushuku. Kwenye lebo halisi kuna namba mbili zilizogongwa kwa mashine bila wino, zinaonekana ukiinamisha kaseti kwenye mwanga. Rangi ya plastiki, maandishi yaliyofifia pembeni, namba ya AX4E iliyokosewa herufi, vyote vinasema. Bandia haitengenezeki kwa lengo hili. Nilimrudishia muuzaji, akanijibu kwamba "inacheza vizuri", na kwa kweli ilikuwa inacheza.

Kama kaseti ni halisi na hatua zimepotea, safisha pini zake za shaba kwa spiriti na pamba. Data inaweza kuwepo ikashindwa kusomwa kwa sababu ya mguso mbaya, na dalili huwa ni kwamba mara ziko, mara haziko. Usiseme ndiyo gemu likikuuliza kufuta au kuanza upya kumbukumbu kabla hujasafisha. Pia usizime mashine wakati wa kuhifadhi, hasa baada ya kuingiza hatua, kwani flash huandikwa kwa kufuta kwanza kisha kuandika. Ukikata umeme kati ya hayo mawili, umebaki na pengo.

Kwenye emuleta

Dalili ni ileile ya kaseti bandia, na sababu ni ndugu yake: ukubwa wa kumbukumbu. Emuleta, yaani programu za kompyuta zinazoiga mashine ya gemu, za zamani kama VisualBoyAdvance zilikuwa zikichukulia flash ya kilobaiti 64 usipoziambia vingine. Nenda kwenye mipangilio ya aina ya hifadhi, chagua flash ya 128, kisha anza na faili jipya la hifadhi. Faili la zamani la 64 halikui lenyewe, na ukiendelea nalo utadhani mpangilio haukusaidia. Kaseti za kadi ya kumbukumbu, zile za kuwekea magemu mengi, nazo zina mpangilio wa namna hiyo.

Kwa kuskani kwenyewe, emuleta ya mGBA inaelewa kadi za e-Reader tangu toleo la 0.9 la mwaka 2021. Fungua dirisha la pili la mchezaji ndani ya programu hiyohiyo, moja liwe na gemu, jingine e-Reader. Ukifungua mGBA mara mbili kama programu mbili tofauti, hazitaonana. Hiyo ndiyo kebo iliyochomolewa ya ulimwengu wa kompyuta. Mengine yote ya sehemu ya mashine mbili yanabaki vilevile, pamoja na Communication, pamoja na nani awe mchezaji wa kwanza: zikikataa, funga, fungua madirisha kwa mpangilio wa kinyume.

Wii U na Switch

Fupi. Toleo la Wii U, lililotoka Japani mwisho wa 2015 na kwingine mwanzoni mwa 2016, lina hatua zote 38 ndani, bila kadi. Duka la Wii U lilifungwa kwa ununuzi mpya Machi 2023, kwa hiyo linakufaa tu kama ulilinunua zamani. Februari 2023 gemu liliingia Nintendo Switch Online, huduma ya usajili ya Switch, nalo likiwa na World-e imejaa. Kama humo hulioni gemu lenyewe, angalia aina ya usajili wako: magemu ya Game Boy Advance yako kwenye kifurushi kikubwa chenye Expansion Pack, usajili wa kawaida hauyagusi.

Na swali ambalo huja mara kwa mara, mtu ameshafanikiwa kila kitu: "Nimemaliza hatua, nimetafuta kila kona, sijaona e-Coin." Sarafu hizo ziko kwenye baadhi ya hatua tu. Kama umepita mara tatu na hujaiona, yumkini haipo, nenda hatua nyingine.